Kadi Nyekundu ya Chiriku

Darasa la tatu lilikuwa na watoto sabini na wanane na vishikwambi sita, na katika hivyo sita, viwili viliwaka pale tu vilipojisikia. Kila siku, kabla ya mapumziko ya saa nne, kila mtoto alitakiwa ajibu maswali matano kwenye kishikwambi na alama ziende ofisi ya elimu. Haya, piga hesabu mwenyewe. Mwalimu wa darasa alishaipiga, akaona haiwezekani, akaanza kuwajibia.

Alianza kidogo kidogo, kama wanavyoanza wote wanaofanya jambo la aibu. Kwanza aliwajibia waliokuwa hawapo. Kisha mwalimu mkuu akamwita, akamwonyesha ramani ambayo shule yao imepakwa rangi nyekundu kwa kuchelewesha alama. "Unatuangusha, mwalimu," akamwambia. Tangu hapo akawajazia wote, kidole kikikimbia, na akifika chini ya orodha amechoka, anabonyeza "nakili ya juu". Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Chiriku, na wa juu yake ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Hivyo Chiriku, asiyejua kusoma hata jina lake, akawa anapata tisini na kitu kila siku ya Mungu.

Jina hilo alilipata kwa mdomo wake. Hadithi ukiisoma mara mbili keshaikariri yote, pamoja na kikohozi chako. Anakishika kitabu juu chini na kukitiririsha bila kukwama. Lakini kwenye kadi alikuwa mkweli. Kadi hizo alizibuni mwalimu mwenyewe, akazikata kwenye maboksi na kuzipaka rangi, upande mmoja kijani, wa pili nyekundu. Hujaelewa, inua nyekundu, na jirani yako lazima aseme "Nipo", asogee, akuelekeze. Kucheka marufuku. Mle darasani mtoto hakuona haya kusema hajui, na hicho ndicho kitu pekee alichojivunia mwalimu. Chiriku aliinua nyekundu kila siku.

Asubuhi moja orodha ya darasa la usaidizi ilibandikwa. Mwalimu wa kusoma angekuja mara mbili kwa wiki hadi mwisho wa mwaka, kuwachukua watoto kumi na wawili waliochaguliwa na mfumo kwa alama zao za chini. Mwalimu aliisoma orodha mara tatu. Chiriku hayumo. Nani kamtoa? Alimjua vizuri sana aliyemtoa.

Saa tatu na nusu bibi yake Chiriku, anayemlea, akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Karibu ndani."

"Marahaba, mwalimu wangu. Sikai, nimekuja kushukuru tu." Akatoa simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. "Huu ujumbe uliingia juzi, jirani kanisomea. Eti mjukuu wangu anasoma vizuri sana, hongera mzazi! Nilipiga vigelegele peke yangu, watu wakatoka nje."

Mwalimu akatabasamu kwa midomo tu.

"Na sasa sisumbui mtu. Dawa zangu za presha wamenibadilishia, nikampa mjukuu bahasha. Kasoma bila kusita! Viwili asubuhi, viwili jioni, kama zile za zamani. Ila zina nguvu, jamani. Tangu jana naona dunia inazunguka." Akajishika mlangoni.

"Bahasha unayo?"

Alikuwa nayo mkobani. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: kidonge kimoja, asubuhi tu. Mwalimu akatazama darasani. Dawati la nyuma, Chiriku alikuwa kimya, na Chiriku hanyamazi.

"Bibi, ni kimoja. Kimoja tu kwa siku."

Bibi akageuka kumtafuta mjukuu. "Kumbe umenidanganya? Unataka kuniua, wewe mtoto?"

"Usimgombeze. Hajui kusoma, bibi. Alama nimemwandikia mimi. Ule ujumbe ni uongo wangu."

Bibi alimtazama. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Mimi sikusoma, mwalimu," akasema taratibu. "Ndiyo maana nilimleta kwako."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu alimwomba mwenzake wa darasa la nne amwangalizie watoto, akamshika bibi mkono wakavuka. Muuguzi alipima, akapima tena, akamlaza. Presha ilikuwa imeshuka vibaya. "Angemeza na vya leo jioni, tungekuwa tunaongea mengine," akasema.

Mwalimu mkuu alimngojea getini. "Alama za leo ziko wapi?"

"Nataka kushusha za Chiriku, aingie kwenye usaidizi."

"Kushusha? Alama haishuki bila kibali cha ofisi, na kibali kinakuja na mkaguzi. Utamwambia nini kuhusu wale wengine sabini na saba? Tufukuzwe wote kwa mtoto mmoja?"

"Bibi yake amelazwa."

"Pole yake. Kajaze."

"Sijazi," mwalimu akasema. Mkuu akatikisa kichwa, akaenda zake ofisini.

Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakamwagika nje. Chiriku alibaki.

"Bibi anakufa?"

"Hafi. Nimemwacha anauliza kama umekula."

Hapo ndipo mtoto alipoangua kilio. "Alifurahi sana, mwalimu. Nikashindwa kumwambia sijui."

"Hata mimi nilishindwa kusema," mwalimu akamjibu. Akaketi kando yake na kuilaza juu ya dawati ile bahasha, vidonge vyake vimebaki zahanati. "Haya. Usinikaririe. Hii herufi gani?"

Chiriku akaweka kidole. Akakaa nayo muda mrefu. "K," akasema.

"Na hii?"

Kabla hajajibu, kishikwambi kikalia mezani. *Alama za darasa la tatu zimepokelewa. Hongera, mwalimu.* Mkuu alikuwa amezijaza zote kutoka ofisini. Mstari wa mwisho, Chiriku: tisini na sita.

"Kimeandika nini, mwalimu?"

Mwalimu akakisukuma kishikwambi kando. Akaichukua kadi iliyokuwa pale dawatini, akainua upande mwekundu.

Chiriku akaitazama, akajifuta machozi kwa mkono wa sare.

"Nipo," akasema, akasogea karibu.