Bangili Mbili za Khului

"Anazo!" Jumo alidakia kabla mkewe hajafungua mdomo. "Mheshimiwa, anazo, kazificha huyu! Arudishe dhahabu yangu, aende zake leo leo. Sina neno."

Hakimu, mama wa makamo mwenye mafua, alimnyamazisha kwa kalamu. Alishawapa nafasi ya kupatana, wakashindwa. Sasa ilibaki bei. Mwanamke akiomba khului, talaka anayoidai mwenyewe, anarudisha mahari, na mahari ya Sughra ilikuwa bangili mbili nene za dhahabu.

"Binti, nakuuliza wewe. Ziko wapi?"

Sughra aliangalia vidole vyake. Vimejaa makovu meupe ya moto. Mtaani kwao, pale Haidarabad ya Sindh, ndiyo kazi ya wanawake: kiwanda kinaleta bangili za kioo ambazo bado ziko wazi, nao wanakaa sakafuni, kila mmoja na kijimoto chake cha gesi, wanalainisha zile ncha mbili mpaka zibusiane na kushikana. Feni haiwashwi hata joto likichemsha ubongo. Moto ukitikisika tu, kioo kimekwenda.

"Naomba nitoke kidogo, Mheshimiwa."

"Toka. Ila ukirudi nataka jibu. Kama huna, utalipa thamani yake."

Thamani yake! Kwa bei ya dhahabu ya siku hizi, si angeunga kioo mpaka macho yazime?

Nje kwenye korido, jirani yake Mama Razia alikuwa anamsubiri, mwili mkubwa, mdomo mkubwa zaidi, shavu limevimba kwa tambuu.

"Mwambie, mwanangu! Mimi na wewe ndio tuliomwosha yule mama mkwe wako. Tunajua ziko wapi."

"Niliapa, Mama Razia."

"Kwa maiti!"

"Alikuwa hai. Alikuwa bado anakohoa."

Na hapo ndipo palipomshika. Wiki ile ile ya harusi, mama mkwe wake, Mai Hurmat, alizichukua zile bangili, eti amtunzie, akazivaa mwenyewe, moja kila mkono, chini ya nguo ndefu Jumo asizione. Miaka ikapita. Figo zikamshinda, mikono ikavimba, dhahabu ikazama kwenye nyama. Siku moja akamshika Sughra kwa nguvu ambazo mgonjwa hana: "Nizikwe nazo. Jumo akizipata, atazimaliza zote kwenye kamari ya karata. Apa hutamwambia."

Akaapa.

Siku ya kumwosha walijaribu sabuni, wakajaribu mafuta. Wapi! Mama Razia akasema dhahabu haizikwi, dhambi, ikatwe. Sughra akachukua tupa yake ya kazini, ya kukatia kioo, akaigusisha kwenye bangili, na ule mkono ukamvuta. Ukamvuta kabisa! Mama Razia mpaka leo anasema ni utelezi wa maji tu. Sughra akatupa tupa, wakafunga sanda, wakanyamaza.

Tangu hapo, mchana kweupe, akiinamia moto wake, anasikia kikohozi nyuma ya bega. Upepo hakuna, lakini moto unatikisika, kioo kinapasuka.

"Mwanamke, dhahabu." Jumo alikuwa amewafuata, macho mekundu, shati limemganda mgongoni.

Sughra alifumba macho. Mama, nisamehe.

"Mama yako anazo, Jumo. Zimo mikononi mwake. Hazikutoka."

Alisubiri kelele. Alisubiri kibao, vibao vya Jumo ndivyo vilivyomleta mahakamani. Mama Razia akasogea mbele kama ukuta.

Jumo hakuinua mkono. Aliegemea ukuta, akateremka taratibu mpaka akachuchumaa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Si mimi niliyeshuka kaburini kumpokea? Nilipomlaza, mikono yake ikakutana, bangili zikagongana ndani ya sanda. Ting. Watu juu wanasoma dua, mimi nasikia ting." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikilaza kichwa tu, ting. Nikishika karata, ting."

"Astaghafirullah," Mama Razia alinong'ona, tambuu limemkwama.

"Sasa mimi ulikuwa unanidai nini, Jumo? Miezi yote hii unaniita mwizi mbele za watu!"

"Nilitaka uwe mwizi. Ungesema umeiba, basi mama asingekuwa nazo kule chini. Ningelala, Sughra. Hata siku moja."

Karani aliita majina yao.

Mbele ya hakimu Jumo aliongea haraka, bila kuinua uso: mahari yake imemfikia, hadai kitu. Hakimu akamuuliza mara mbili kama ana hakika. "Imenifikia," alirudia, na kidole gumba chake kikabaki kwenye wino hadi karani akakishika na kukibandika kwenye karatasi mwenyewe.

Bajaji ilipoondoka, Mama Razia aliongea peke yake njia nzima: umetoka bure, mwanangu, bure kabisa, hata rupia moja, nani kama wewe! Sughra alikuwa anasikiliza nyuma ya bega lake. Hakukuwa na kikohozi. Hakukuwa na kitu chochote, na hilo lilimtisha zaidi.

Kwenye njia panda walimpita Jumo, aliyetangulia kutoka mahakamani. Kushoto ni nyumbani. Kulia barabara inaishia makaburini. Alikuwa amesimama katikati, kwenye vumbi, viatu vyake mkononi, pikipiki zikimkwepa huku na huku.

"Usiangalie," Mama Razia alisema, akavuta pazia la bajaji.

Sughra alilifungua tena. Akamwomba dereva apunguze mwendo, aone Jumo atakata upande gani.