Kona ya Nyuma ya Transfoma

Shamba lao lilipochukuliwa kujengwa kituo cha umeme, mama mkwe aliapa hatakanyaga pale tena, na kiapo alikishika. Kwenda sokoni alizunguka njia ya mbali, magoti yakilalamika. Kilichomchoma si mahindi. Zilikuwa okidi, maua ya mwitu yaliyoota pembeni mwa shamba, aliyoachiwa na marehemu mama yake. "Mlizimaliza," alimwambia mke wa mwanawe, fundi wa kituo hicho, utadhani ndiye aliyeendesha tingatinga, ilhali wakati ule alikuwa bado shuleni. Tangu aolewe hakuitwa jina lingine ila "mtu wa nyaya".

Sasa mtu wa nyaya alikuwa amechuchumaa nyuma ya transfoma, haamini macho yake. Okidi zilijaa kona nzima, za zambarau. Kumbe ule ubao wenye fuvu na neno HATARI ulifukuza mbuzi, majembe na wachuma maua miaka yote hiyo.

Furaha haikudumu. Kesho yake kituo kizima kingepigwa dawa ya magugu.

"Nyasi zikikauka zinashika moto," alisema msimamizi, fundi alipomwomba aziache okidi. "Kona hiyo nitaiacha ukinipatia mtu wa kuipalilia kwa mkono. Ila awe anazijua."

Zisipochanua, okidi zile zilifanana na nyasi tu. Fundi mwenyewe angezing'oa zote kwa nia njema. Alimjua mtu mmoja tu wa kazi hiyo, na jioni alimfuata nyumbani.

"Mama, okidi zako zipo."

Mama mkwe aliendelea kupepeta mchele. "Mtu wa nyaya, usinichezee."

"Zipo kituoni. Kesho zinapigwa dawa, usipokuja kuzipalilia."

Ungo ulitulia. Kisha mama mkwe akarudia kupepeta, na fundi akalala akijua ameshindwa.

Asubuhi alimkuta langoni, kijembe mkononi, akigombana na mlinzi kuhusu kofia ngumu iliyokataa kukaa juu ya kilemba.

Kwenye kona alipiga magoti, akagusa ua moja kwa ncha ya kidole, akalia bila kujificha. Miaka yote alikuwa akizikwepa kwa miguu yake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko tingatinga.

"Lile fuvu msilitoe," alisema hatimaye, akijifuta machozi. "Limezitunza kuliko mimi."

Kisha akasogea, akaacha nafasi kando yake.

"Piga magoti hapa, mwanangu, nikuonyeshe jani lake."