Pembe ya Kupitisha Nakhli

"Bi Tuba, hii pembe ya nyumba yako iliyokatwa, mbona huizibi ukapata chumba?"

Aliyeniuliza ni Fathullah, jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro, siku alipoanza kubomoa nyumba ya marehemu baba yake ajenge mpya. Nikadhani utani. Nikamwambia vyumba nilivyo navyo vinanitosha mimi na paka wangu.

Hapa Yazd nyumba za konani hukatwa pembe, toka chini hadi juu ya vichwa vya watu. Wazee walijenga mji kwa udongo na kwa adabu. Ngamia wa misafara walipita na mizigo yao wala hawakukwaruza ukuta wa mtu. Ngamia wakaisha, vikaja viwanda vya nguo. Yakaja mabomba, barabara ikapasua mtaa wetu katikati, na sasa wageni wanalipa kulala katika nyumba ambazo wajukuu wetu walizikimbia. Yote tumeyapokea, alhamdulillahi, na minara yetu ya upepo ingali imesimama. Pembe lakini hatukuzijaza, kwa sababu kila Ashura nakhli hupita hapa. Ni mfano wa jeneza la Imamu Husein, wa mbao, mkubwa kama nyumba. Hubebwa na wanaume wa mtaa, na kila ukoo una mpini wake.

Fathullah akaijenga pembe yake mraba, apate duka la vitamu. Muharramu ilipoingia ukuta ulikuwa umefika kifuani. Wazee walimwendea wakamwambia nakhli ikikwama, mtaa wa pili watatucheka mpaka mwakani. Akawajibu kwamba ameipima kwa kamba, itapita na nafasi ya kiganja itabaki. Kisha akaja kwangu nimsemee, maana marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiongoza wabebaji, na wazee bado wanalistahi jina lake.

Nikamwekea chai. Nikamuuliza aliipimia wapi.

"Pale uwanjani inapowekwa, Bi Tuba. Nimeizunguka yote. Mimi si mjinga."

"Ulipima mbao, baba. Haijavikwa vitambaa wala vioo, na hapakuwa na mtu chini yake."

Akacheka. "Watajibana. Watu wa Yazd tangu lini tukashindwa kujibana?"

Nilimwacha acheke mpaka akamaliza.

"Upande wa ukuta wako, mpini wa mbele ni wa nani?"

Akachukua kipande cha sukari sahanini. Mpini ule ulikuwa wa baba yake, na mwaka huu ungekuwa wa Behruz, mwanawe. Kijana alikwisha kushonewa shati jeusi na alikuwa akijigamba uchochoro mzima.

"Mume wangu ndiye aliyemwosha baba yako alipofariki," nikamwambia. "Alirudi akaniambia begani mwake mna sugu ya mpini ule. Viwanda vimekuja, barabara imekuja, bega la ukoo wenu halijakosekana hata mwaka mmoja. Huo ndio urithi wa Behruz. Na hicho kiganja ulichobakiza, Fathullah, ndimo unamotaka kukipitisha kifua chake."

Kipande cha sukari kilibaki vidoleni mwake.

Akakirudisha sahanini. Akainuka, akasukuma miguu ndani ya viatu pasipo kufunga kamba, akachukua nyundo kubwa ambayo fundi wake alikuwa ameiegemeza mlangoni kwangu, akatoka kuuelekea ukuta wake.