Miji Mitatu ya Kumficha Nakunda

Niko kwenye kochi, hapa Tanga, mchana kweupe, simu kifuani, nasoma habari za mifumo endeshi ya kuweka badala ya ule uliokuja na simu, maana shemeji yangu Kiangi, fundi simu na mpiga mke, amemfuma mkewe, mdogo wangu Nakunda, mafichoni mara mbili, na mara zote mbili siri ilivujia kwenye simu yangu mimi. Safari hii ninayejua alipo ni mimi peke yangu. Macho yanakuwa mazito, kioo cha simu kinalainika, kidole kinazama, mkono unafuata, na mara niko mzima upande wa pili, kwenye barabara inayong'aa isiyo na mwisho, nimemshika Nakunda mkono. Anatupokea mwenyeji asiye na uso, bapa tupu kuanzia paji la uso hadi kidevu. Samahani ndugu, namwuliza, mdogo wangu nimfiche wapi? Anajibu, tembea tu, kila mji ni kwako.

Na kweli, kila mji tunaoingia ni sebule yangu mimi, na kochi langu, ila imegeuzwa kushoto kulia. Mji wa kwanza ni simu yangu ilivyo sasa: kila ukuta una bomba, na kila neno letu linanyonywa kupelekwa kwenye ghorofa refu lililo katikati. Nanong'ona, Nakunda, na kule juu jina linatangazwa kwa kipaza sauti. Jamani! Miaka yote hii? Nakimbia naye, barabara inajikunja, inatutema palepale, lakini sasa ghorofa limebomolewa na watu wanacheza ngoma. Ndio mfumo wa pili. Nami nashangilia, mpaka naona milango inapepea: walivunja makomeo ili kuwatoa wenye ghorofa, na hakuna aliyeyarudisha, wala nyufa za mwaka juzi hakuna aliyeziba. Mwenyeji anasema, nimemfukuza msikilizaji, nimemwachia mwizi njia, mimi nani? Namvuta Nakunda twende.

Mji wa tatu nao ni sebule yangu, lakini hapa naduwaa kwa furaha. Kila programu imefungiwa chumbani kwake, haimwoni jirani. Inayotaka majina ya ndugu zangu inapewa karatasi tupu, inashukuru, inanyamaza. Mlango wenyewe kila unapoamka unajikagua, usije ukawa umebadilishwa. Keti mdogo wangu, umepona, namwambia, na Nakunda anaketi, mabega yanamshuka. Hapa haingii mtu mpaka mwenye nyumba aitikie, anasema mwenyeji. Basi tumemaliza, nacheka, mwenye nyumba si mimi? Mara, hodi. Ni programu ya tochi, inataka kujua tulipo. Karibu, nasema. Hodi, ni kikokotoo, kinataka kusikiliza. Karibu, karibu ndani. Nimelelewa Usangi, na kwetu hodi haiachwi bila jibu, hata kama mikono ina unga wa ugali. Nakunda ananivuta gauni, dada, unafanya nini? Hodi shemeji, inasema sauti ya tatu, na ulimi wangu umeshasema karibu kabla sijang'amua ni sauti ya nani. Ukuta unafunguka. Nampigia mwenyeji kelele, si ulisema haingii mtu? Anajibu kwa upole, aliyejenga ukuta siye aliyekulea.

Nagutuka kwenye kochi. Simu imepata moto, na mfumo ulio ndani ni ule wa tatu, nami sikumbuki kuuweka. Nampigia Nakunda. Anapokea akicheka, dada, si ungesema unakuja nikapika? Nani amekwambia nakuja? Si nakuona kwenye ramani, kitone chako kimesimama hapa nje ya geti. Mimi niko Tanga, simu yangu iko sikioni. Usifungue, nasema, Nakunda, usifungue, lakini nasikia kandambili zake zinaelekea mlangoni. Najifinya paja ili niamke. Linauma.