Gia Ndogo Haiachwi Katikati

Nilisema trela. Nilisema mezani wakati wa chai, nikasema uani, nikarudia nikiwa nimesimama mbele ya kaka yangu na spana mkononi: gari lipandishwe juu ya trela, lifungwe minyororo, magurudumu yake yasiguse lami mpaka tufike. Kaka yangu akacheka. Yeye ni dereva wa lori, na mtu akishavuta tani thelathini kwa miaka ishirini, haambiliki.

"Trela ya nini? Tukazunguke kuomba kwa watu? Chuma cha kuvutia ninacho. Gari lina magurudumu manne, litembee lenyewe."

"Magurudumu yakizunguka, na vyuma vya ndani vinazunguka, kaka."

"Si uweke gia ndogo katikati? Fundi nani hapa?"

Fundi ni mimi. Giaboksi ndiyo kazi inayonilisha, na hiyo ya Mbishi nilikuwa nimeijenga upya kwa wiki sita, kila jioni nikitoka gereji. Mbishi ni gari la baba, kuukuu, la turubai, na jina alilipata kwa sababu hajawahi kuwaka kwa kuombwa mara moja. Porini ni mwanamume. Kwenye lami ndefu anachemka kama birika, ndiyo maana ilibidi avutwe.

Na haikuwa safari ya kutalii. Baba alikuwa mpima barabara. Ile barabara ya juu ya milima aliipigilia vigingi yeye mwenyewe, akaipita na Mbishi kabla haijamwagwa hata changarawe. Sasa macho yanamzimika. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba ana miezi miwili, pengine mitatu, kisha atabaki na mwanga na vivuli. Baba hakulia. Aliomba kitu kimoja, ashike usukani wa Mbishi kwenye barabara yake, mara moja, akiwa bado anaiona.

Basi nikakubali kile chuma, kwa hasira, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha na trela hatukuwa nayo. Niliiweka gia kubwa huru, nikaiweka gia ndogo, ile fimbo fupi iliyo kando yake, katikati kwa mkono wangu, nikaitikisa mara mbili. Ikiwa katikati, magurudumu yanazunguka peke yake na giaboksi inalala. Ikitoka hapo, giaboksi inazungushwa kutoka nyuma, oili haipandi, na chuma kinasaga chuma.

Nyumbani kwetu kuiacha gia ndogo katikati kulikuwa kinyume cha dini. Zamani baba aliiacha gia ndogo katikati mlimani, akashuka kupima. Gia kubwa alikuwa ameitia, lakini haikushika kitu. Mbishi akaserereka, akamvunja mguu msaidizi wake. Tangu siku hiyo, kila gari liliposimama baba aliuliza, "Gia ndogo?" nasi watoto tukaitikia, "Haiachwi katikati!" Tuliitikia hivyo kabla hatujajua kuhesabu.

Tuliondoka asubuhi, sisi watatu kwenye pikapu ya kaka, Mbishi nyuma. Mwendo wa saa tatu kila kitu kilikuwa sawa, na kaka hakuacha kunikumbusha. "Umesikia kelele yoyote? Mimi sijasikia." Tukasimama kwenye kilima kunywa maji. Mvua ikashuka ghafla. Kaka akaenda kukagua pini za kile chuma, mimi nikakimbilia ndani ya Mbishi, nikafunga turubai pande zote, nikatoka nimelowa chapachapa. Tukaendelea.

Baada ya saa moja nilinusa oili inayoungua. Fundi wa giaboksi haulizi harufu ile ni ya nini. Nilipiga kelele, kaka akasimama, nikaruka kabla pikapu haijatulia. Moshi mweupe ulikuwa unatoka chini ya sakafu ya Mbishi. Nikachungulia ndani. Gia ndogo ilikuwa mbele.

"Nani ameigusa?"

"Kugusa nini?" kaka akauliza.

"Usinifanye mjinga! Gia ndogo niliiacha katikati. Ulikuwa huku nyuma na pini zako."

"Pini ziko nje. Sijaingia humo ndani, mdogo wangu."

"Basi imetembea yenyewe! Wiki sita! Macho ya baba yanahesabu siku, wewe unaleta ujuaji! Hukusikia trela, huna unalosikia. Ndiyo maana hata mkeo alifunga virago, alichoka kuishi na mtu anayejua kila kitu!"

Baba alikuwa ameshashuka. Alisikia yote. Kaka akaenda kutoa pini.

Ilibidi tumtoe Mbishi barabarani. Nikairudisha gia ndogo katikati ili magurudumu yawe huru, nikashika usukani, kaka akasukuma na baba akasukuma, mzee mzima, akihema. Tukafika kwenye majani. Nikavuta breki ya mkono. Bado natukana kimoyomoyo. Mkono wangu ukashuka kwenye gia ndogo ukaisukuma mbele, tak, nami nikageuka kushuka.

Nikaganda na mguu mmoja nje.

Mkono haukuniuliza. Haukuniuliza hapa, na haukuniuliza kule kilimani kwenye mvua, nilipokuwa nahangaika na vifungo vya turubai. Gari limesimama, gia ndogo haiachwi katikati. Nimeitikia hivyo maisha yangu yote.

Kaka alikuwa amesimama ubavuni kwa Mbishi. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni. Nilitaka anitukane. Ningemshukuru kama angenitukana. Alijifuta matope tu kwenye suruali.

"Ni mimi," nikasema, na sauti ilitoka ya ugomvi vilevile. "Lakini juu ya trela mkono wangu ungefanya upuuzi wake na kisingeharibika kitu!"

"Kweli," akasema. "Trela ulisema."

"Kaka, lile neno la shemeji..."

"Hilo liache. Leo siliwezi."

Niliona aibu, na aibu yangu ikazidi kuwa hasira, nikalipiga teke gurudumu mpaka kidole kikauma.

Baba alikuwa ameketi kwenye bampa la pikapu, anapepesa macho.

"Giaboksi imekufa?" akauliza.

"Imekufa, baba. Mimi ndiye niliyeiua."

"Nimesikia. Usukani?"

"Mzima."

"Breki?"

"Zipo."

"Sasa mnagombania nini? Toeni hicho chuma, leteni kamba."

Tulitazamana na kaka. Kwa chuma, gari la nyuma linafuata tu, halihitaji mtu. Kwa kamba lazima mtu akae nyuma, ashike usukani, akanyage breki. Lazima liendeshwe.

Zilibaki kilomita kumi na moja. Kaka alivuta polepole, mwendo wa mtu anayetembea, baba akiwa kwenye usukani wa Mbishi, na kwenye lami alifuata kamba tu. Changarawe ilipoanza, aliketi wima. Alikata kona ya kwanza kabla sijaiona. "Hapa palikuwa na mwamba," akasema. "Hapa tulilala siku nne." Bonde lilifunguka kulia kwetu, kijani mpaka mwisho wa macho, na baba alilitazama, akarudisha macho barabarani kama dereva. Mimi nilikuwa kando yake nimeukalia mkono wangu wa kulia, usiifikie gia ndogo. Nililia kwa hasira njia nzima, na sikujificha.

Juu kabisa kaka akasimama. Baba akakanyaga breki, akavuta ya mkono. Kamba ikalegea. Akageuza uso kwangu.

"Gia ndogo?"

Nikaitazama.

"Iko katikati, baba."

Mikono yake yote miwili ilibaki kwenye usukani.

"Basi shuka," akasema, "utie jiwe gurudumuni."

Nikashuka kutafuta jiwe. Kaka alikuwa ameshaliokota.