Baba Alipomnunia Mbwa

Bosi, mbwa wetu, alikufa Jumanne asubuhi. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameacha kuinuka baba anapotoka kazini, na baba akamnunia.

"Asiponisalimia, nami simsalimii," alisema. "Kiburi, ndani ya nyumba yangu!"

Jumatatu tulimbeba hadi kwa daktari wa mifugo. Akasema ni fangasi inayowapata mbwa wachache sana. Iliingia kwa pumzi, ikasambaa mwilini mpaka kwenye uti wa mgongo.

"Kwa hiyo alikuwa hawezi kusimama?" baba akauliza.

"Hawezi, mzee."

"Si angesema."

Jioni ile baba alichuchumaa sakafuni. "Bosi, habari za kutwa?"

Mbwa akatikisa sikio moja.

Siku hizi baba akirudi kutoka kazini, yeye ndiye anayeanza kutusalimia.