Kadi Tatu za Bi Mengia

Mama mkwe wangu, Bi Mengia, hupanga likizo ya Oktoba tangu Februari, theluji ikiwa bado imelala juu ya paa. Usimcheke. Hapa kwetu kila mtu hupanga hivyo, na asiyepanga huonwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila suruali. Ila Bi Mengia amezidi. Anajua pale Landquart tutabadilishia treni upande upi, behewa letu litasimama wapi, na mikate ya jibini itafunguliwa baada ya kupita handaki gani. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba mwanamke huyu alisahau. Mwanamke huyu hasahau.

Mpango wenyewe hubadilika kidogo sana. Yeye hutangulia Jumatatu na wajukuu kwenda Ftan, kwenye nyumba ya ukoo wao huko milimani. Sisi wazazi tuna kazi, basi tunafuata Jumatano kwa tiketi za siku nzima ambazo ameshatununulia miezi mingi kabla, maana ukichelewa bei inapanda. Raha yote iko Jumatatu. Ukisafiri na bibi unakaa ghorofa ya juu kwenye behewa la watoto, lile lenye kitelezio, unapewa biskuti za njugu, na hakuna mama wa kukuambia shuka hapo utavunjika shingo.

Binti yangu Oriane hajawahi kuipata raha hiyo. Ana miaka kumi. Nilikuja naye kwenye ndoa hii akiwa bado anatambaa. Kwa hiyo kwa Duri, mume wangu, ni mtoto wa kufikia. Miaka ya nyuma Oktoba ilikuwa zamu ya baba yake mzazi, huko Lausanne, upande wa Kifaransa nilikotoka mimi. Baba huyo akahamia Kanada na mke mpya, zamu ikafa. Mwaka jana Oriane angekwenda na bibi, lakini siku mbili kabla akashikwa na tumbo, akajikunja kitandani, akaja nasi Jumatano. Mwaka huu nilisema tumbo liume lisiume, mtoto atakwenda.

Basi Jumapili moja ya Agosti tukaitwa Winterthur, nyumbani kwa Bi Mengia, kula chakula cha mchana. Tulikuwa wote: mimi na Duri na watoto wetu wawili, na wifi yangu Barbla na wanawe, Flurina na Jachen. Tulikula makaroni na viazi na jibini, na matufaha yaliyopondwa pembeni. Sahani zilipoondolewa, Bi Mengia akafuta mikono, akatoa bahasha kwenye kabati.

"Haya, wasafiri wangu," akasema. "Kadi zimefika."

Ni kadi za mwaka za kusafiri na mtu mzima aliyeandikwa jina. Mtoto akiwa nayo, na huyo mtu mzima akiwa na tiketi yake, basi anapanda treni yoyote bila kulipa. Akaita Flurina. Akaita Jachen. Kisha akasimama, akakohoa kama mkuu wa wilaya. "Na huyu bwana mkubwa, ambaye ametimiza miaka sita na hawezi tena kupanda bure kama mzigo. Curdin!"

Mwanangu Curdin akaruka kwenye kiti. Watu wakapiga makofi. Oriane, aliyekaa karibu na mdogo wake, akapiga makofi kuliko wote, akamsaidia kusoma jina lililoandikwa. Nami nikasubiri kadi ya nne. Bi Mengia akaikunja bahasha na kuirudisha kabatini.

"Mama," nikasema, "imebaki moja."

"Hapana, zimekwisha."

"Ya Oriane iko wapi?"

Akanitazama kwa upole, ule upole wa muuguzi anayekuambia daktari hayupo. "Sandrine, mwanangu, hizi ni za bibi na wajukuu. Oriane ana bibi yake Lausanne, si ndiyo? Tusimpokonye bibi wa watu haki yake. Yeye atakuja nanyi Jumatano, tiketi yake ipo. Nimepanga yote."

Hasira zilinipanda mpaka nikaona meza inacheza. Nchi hii hatugombani mezani. Tunasema "inapendeza", tunaenda nyumbani, tunakufa na vidonda vya tumbo. Siku ile sikuweza.

"Kadi haiulizi damu!" nikasema. "Bi Käser wa chini yetu anasafiri na mtoto wa Mreno wa ghorofa ya tatu, na jina la ukoo wake hata kulitamka hawezi! Unaandika jina la mtoto, unaandika jina lako, basi! Hakuna aliyekuzuia ila wewe mwenyewe."

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Nitapiga! Umewapa ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kadi, mwingine makofi!"

"Sandrine, watoto wanasikia," akasema Barbla.

"Na wasikie! Walikuwa wanaona, sasa wasikie."

"Hasira za Kifaransa hizo," Barbla akanong'ona, kwa sauti ya kutaka nisikie.

"Na wewe roho yako ya barafu umeitoa wapi, wifi? Ya huko huko milimani?"

Nikamgeukia Duri. Mume wangu ameshika simu, anatazama ratiba ya treni. Ratiba! Ya treni ya miezi miwili ijayo! Aliuchuna kana kwamba ugomvi ule ni wa watu wa meza ya jirani. Mama yake akamaliza kwa kusema kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba kusema hivyo si kumchukia mtu. Nikachukua makoti, tukaondoka kabla ya kahawa.

Ndani ya treni ya kurudi watoto walikaa mbele yetu. Nilimtwanga Duri maneno kwa sauti ya chini, maana mimi naye tuna adabu za treni.

"Mama hakukusudia," akasema.

"Mama yako anapanga mpaka nani akae dirishani, lakini hili hakukusudia?"

"Unamjua alivyo. Ukimsukuma anakaza."

"Na wewe umekaza nini? Oriane anakuita baba. Umemlea wewe, umemfundisha baiskeli wewe. Leo umemwacha akipiga makofi peke yake."

Akarudi kwenye ratiba yake. Lakini yale ya makofi yalimwingia, nadhani, kwa sababu jioni ya keshoyake hakurudi moja kwa moja nyumbani. Alikwenda Winterthur. Walichosemezana na mama yake hakuniambia, nami sikuuliza. Alirudi masikio mekundu, akala amesimama.

Alhamisi Bi Mengia akabisha mlango wetu. Alikuja na mkate wa njugu mkononi, na hakuvua viatu, jambo ambalo kwa mtu wa nyumba zetu ni sawa na kusema sikai. Oriane alikuwa mezani jikoni anachora. Bibi akaiweka kadi juu ya karatasi yake.

"Haya. Na wewe unayo sasa. Yamekwisha."

Nikafurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kwa ubaya, kama mtu aliyeshinda kesi. Oriane akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaishika kadi pembeni, akasoma jina lake na jina la Bi Mengia chini yake. Wenzake wote humwita Bibi. Yeye alifundishwa kumwita Bi Mengia, nami miaka yote nilidhani ni desturi yao tu.

"Asante, Bi Mengia. Na nitakaa wapi?"

"Wapi vipi?"

"Kwenye treni. Mmeshaweka viti vinne. Flurina alinionyesha. Na chumba cha juu kina vitanda vitatu."

"Aa, tutabanana," akasema bibi. "Mtabanana."

Oriane akamsukumia kadi taratibu. "Basi mimi nitakuja Jumatano. Siyo neno."

Hapo nikafoka. "Siyo neno vipi? Ameshaleta, utakwenda! Mwaka jana umekosa kwa sababu ya tumbo, mwaka huu hutakosa—"

"Sikuumwa tumbo, mama."

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Bi Mengia alipiga simu, wewe ulikuwa bafuni. Akasema nafasi haitoshi, labda mwakani. Nikasema sawa." Alikuwa anaongea na mchoro wake, si na sisi. "Kisha nikakuambia tumbo linauma. Ningekuambia kweli ungepiga kelele. Na ungepiga kelele, Curdin naye usingemwacha aende. Alikuwa ameshapanga begi lake."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Mimi sikuujua. Uchungu ule ulikuwa chini ya pua yangu mwaka mzima. Nilimpikia uji, nikampa chupa ya maji ya moto aiweke tumboni, naye akaikumbatia na kunishukuru. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameketi kati yetu sisi watu wazima akipanga likizo ya kila mtu ili kila mtu afurahi, na nafasi aliyoiondoa ni yake.

Nikamtazama Bi Mengia. Nilitaka aanguke. Nilitaka alie, aombe radhi, apige magoti juu ya vigae vyangu na viatu vyake visivyovuliwa. Uso ulimbadilika kweli, akashika mgongo wa kiti.

"Sikujua kama anajua," akasema.

Neno hilo sijamsamehe. Hakusema nimekosa. Alisema sikujua kama anajua, kana kwamba kumtenga mtoto ni halali mradi asishtuke. Maneno yalinijaa kinywani, ya Kifaransa na ya kila lugha, na Oriane akaninyanyulia macho. Macho yale yalikuwa yananiomba jambo moja tu. Nikaufungua mlango, nikamwonyesha mama mkwe ngazi bila kusema kitu. Kadi aliiacha mezani.

Oktoba ilipofika Curdin alikwenda Jumatatu na bibi yake, kwa kuwa dada yake alitaka aende. Oriane alimfungia begi. Sikupiga kelele. Tangu siku ile jikoni sijampigia Bi Mengia kelele hata mara moja, naye nimeona anauogopa ukimya wangu kuliko alivyoziogopa kelele zangu. Afadhali.

Jumatano tukafuata sisi watatu. Duri alimwachia Oriane kiti cha dirishani njia nzima, akamwuliza mara nyingi mno kama anataka chokoleti. Ftan tulishuka kwenye basi la manjano, hewa ina baridi na harufu ya nyasi kavu. Bi Mengia alikuwa amesimama mlangoni na aproni. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi juu ya ngazi, niliona ameburura kitanda cha nne mpaka chumba cha watoto, shuka imeshatandikwa. Akafungua mikono yote miwili.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema, kwa sauti ya kutaka tusikie wote.

Oriane akaweka begi chini. Hakuikimbilia mikono ile. Alimpa mkono wa kulia, akamtazama machoni, kama watoto wa huku wanavyofundishwa kumsalimia mwenye nyumba wasiyemzoea.

"Asante kwa kunikaribisha, Bi Mengia."

Bi Mengia aliushika mkono ule, hakuuachia. Oriane akasimama pale kwa adabu, akisubiri arudishiwe mkono wake.